Wali Alioubakiza Tomie

Tomie Hamasaki hakuwa mtu wa kelele. Ukimkanyaga mguu kwenye foleni ya duka pale Gardena, yeye ndiye angekuomba samahani. Lakini kiatu chako angekikumbuka. Miaka ingepita, ungekisahau wewe mwenyewe, na siku akikuona umekivaa tena angejua ni wewe. Watu wa namna hiyo wapo, na mwenye akili humwogopa mmoja wao kuliko wapiga makelele kumi. Mzee Furusho alikuwa na mengi, ila akili ya aina hiyo hakujaliwa.

Tomie alizaliwa hapo hapo Gardena, kusini mwa Los Angeles, enzi ambazo karibu kila nyumba ya mtaa wao ilikuwa na gari bovubovu mbele na mashine ya kukatia nyasi nyuma yake. Baba yake alitunza bustani za matajiri waliokaa vilimani, akarudi jioni ananuka majani. Mama yake alikuwa mtu wa hekalu la Wabudha wa Kijapani. Kila majira ya joto, kwenye ngoma ya kuwakumbuka waliokufa, akina mama wa hekalu walitengeneza sushi, vipande vya wali wenye siki, za kulisha umati, na kila mmoja alikuwa na kazi yake: huyu mayai, yule mwani, wale kukata. Wali haukuguswa na mtu ila mama Hamasaki. Tomie alisimama pembeni na pepeo la karatasi, akiupepea huku mama yake akimwagia siki na kuukata kwa mwiko, taratibu, bila kuuponda, mpaka upoe ubaki na joto la ngozi ya mtu. Ndiyo shule aliyosoma akaielewa. Ile nyingine aliimaliza tu.

Aliolewa, akaachika, hakujaliwa mtoto, na hakupenda kuulizwa habari hizo. Baada ya hapo ndipo alipoingia jikoni katika mgahawa wa sushi wa Furusho, mtaa wa Sawtelle, kuosha vyombo. Ilikuwa miaka ambayo Wamarekani walioiita sushi chambo cha kuvulia, kwa kuwa samaki wake ni mbichi, walikuwa wameanza kuipigania viti. Furusho alitoka Kyushu, kusini mwa Japani, akiwa kijana na ndoo ya hasira, na hasira hiyo ilimtajirisha. Ukimwomba mayonezi alikufukuza. Ukiichovya sushi kwenye sosi ya soya upande wa wali, alikukodolea macho mpaka shingo ikuume. Siku moja alimtoa nje mwanamke mzima na mkoba wake kwa sababu alikuwa akipunguza mwili, akala samaki akaacha wali sahanini. "Sushi ni wali," alimwambia mbele ya watu. "Samaki ni nguo yake tu. Nenda ukanunue nguo dukani." Na watu wa mji ule wana ugonjwa mmoja: ukiwafokea mezani, kesho wanarudi na rafiki zao.

Haikuchukua muda Furusho akagundua kwamba huyu mwosha vyombo anajua wali. Akamwachia chungu, naye tangu siku hiyo hakutia tena mkono wake ndani ya chungu. Mwandishi mmoja wa gazeti akaja, akala, akaandika kwamba wali wa Furusho unashikana mkononi na kuachana mdomoni, na kwamba hajaona wa kufanana nao upande huu wa bahari. Furusho akaitundika habari hiyo ukutani ndani ya fremu. Wageni walipomuuliza siri yake alijibu kwamba alirithishwa na bwana wake kule Fukuoka. Nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kaunta, Tomie alikuwa ameinama anaosha mchele wa kesho. Alisikia kila neno.

Hilo angelisamehe. Lililomkaa kooni ni lile la Ijumaa moja ya Februari.

Msaidizi wa Furusho alikuwa amelazwa na kichomi. Kaunta imejaa, Mzee ameitwa kwenye simu huko nyuma, na mgeni wake wa siku zote, daktari wa meno aliyeitwa Abramian, Mwarmenia mnene mwenye sauti ya upole, amekaa kwenye kiti chake cha kona anatazama sahani tupu. Tomie alitoka nyuma ya pazia akanawa mikono. Akakata kibua, akabonyeza wali, akamwekea. Alikuwa amejizoeza jikoni peke yake kwa miaka, na kipande kile kilikaa sahanini kimetulia, hakina kasoro. Abramian akanyoosha mkono. Kabla hajakigusa, mkono mwingine ulikiwahi. Furusho alikiinua kipande kile mbele ya kaunta nzima, akambandua samaki, akautupa wali kwenye pipa la taka.

"Mikono ya mwanamke ina joto," akawaambia wageni, kana kwamba anawaomba radhi kwa mende. "Inampika samaki."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Abramian hakucheka, ila hakusema kitu pia. Tomie aliinamisha kichwa akarudi nyuma ya pazia. Kwetu Wajapani mtoto hafundishwi kusoma kabla hajafundishwa kumaliza wali wa bakulini mwake, mpaka punje ya mwisho. Wali ule alikuwa ameuosha yeye, ameupika yeye, ameupepea yeye. Alisimama jikoni akalitazama lile pipa, na kitu kikamwingia kifuani ambacho hakikutoka tena.

Kwa nini hakuondoka? Dada yake Yasuko alimuuliza hivyo kila Jumapili. Jibu ni kwamba mwaka mpya uliofuata, Furusho akiwa amekunywa na roho yake imelainika, alimwita pembeni akamwambia, "Ngoja, Tomie-san. Siku nikistaafu, kaunta ya mchana ni yako. Nimesema." Aliyasema hayo mbele ya msaidizi wake, na mwaka mwingine akayarudia. Basi Tomie akangoja. Alikwenda akajinunulia kisu chembamba kirefu cha kukatia samaki, cha mtu anayesimama kaunta, akakifunga kwa kitambaa, na kila Jumapili alikinoa kwenye jiwe kana kwamba kesho yake ndiyo siku yenyewe. Hakutaka mali ya Furusho wala jina lake. Alitaka kusimama pale mbele, kwenye mwanga, mgeni ale kutoka mkononi mwake ajue ni mkono wa nani. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Tomie alivumilia mpaka zikamwozea mkononi.

Kilichoziozesha kiliitwa Brent. Alikuwa mume wa binti wa Furusho, kijana wa San Diego mwenye meno mazuri, aliyejifunza sushi katika mgahawa wa ufukweni ambako vipande viliviringishwa na kamba wa kukaanga, vikamwagiwa mayonezi yenye pilipili na kupewa majina kama Joka la Moto. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, aliosha masufuria bila kuambiwa. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo hakulitenda yeye: alizaliwa mwanamume. Mwaka Tomie alipotimiza sitini, Furusho aliwakusanya wafanyakazi akatangaza kwamba magoti yamemshinda, anastaafu, na kaunta yote, mchana na jioni, inakwenda kwa mkwe wake. Akapiga makofi. Wakapiga makofi. Tomie naye alipiga.

Baadaye alimfuata Mzee akamkumbusha ahadi. Furusho alimtazama kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba alikuwa amesahau.

"Ah, Tomie-san," akasema, "zile zilikuwa pombe. Wewe umri umekwenda, utasimama huko mbele kufanya nini?"

Wiki iliyofuata Tomie aliacha kazi. Aliacha kama watu wetu wanavyoacha, kwa boksi la vitumbua vya maharage matamu kwa ajili ya wenzake na kuinama mpaka kiunoni. Brent aliingiwa na wasiwasi, akaomba aonyeshwe wali, naye akamwonyesha kila kitu bila kuficha: mchele kiasi gani, maji mpaka wapi, siki lini, mwiko vipi. Furusho aliguswa na adabu hiyo. Akasema siku yake ya mwisho atabonyeza sushi kwa mikono yake mwenyewe kwa wageni wachache wa zamani, na Tomie awe mmojawao. "Utakaa kaunta kama mgeni. Utakula kutoka mkononi mwangu." Alidhani anampa zawadi.

"Nitakuja, Mzee," Tomie alisema.

Ilikuwa Oktoba. Sasa hapa lazima niseme jambo moja kuhusu mchele. Mavuno mapya yanapoingia, kwetu ni furaha. Watu hupelekeana mifuko kama zawadi, na wali wake ukiula mtupu unakuwa mtamu, unang'aa. Lakini mchele mpya una maji ndani yake. Ukiupika kama wa zamani unakuwa ugali, haushiki siki, unang'ang'ania vidole. Ndiyo maana kila vuli Tomie alimwambia muuza mchele amwekee magunia ya mwaka uliopita, akachanganya kidogo kidogo na kupunguza maji kwa kuangalia. Furusho aliyajua haya ujanani. Ila mkono uliokaa nje ya chungu miaka yote ile husahau.

Siku mbili kabla ya karamu, simu ya Tomie ililia. Alikuwa Brent.

"Tomie-san, samahani kukusumbua. Nimepata mchele mpya, wa mavuno ya mwaka huu, kutoka bonde la Sacramento. Nimesoma kwamba kwenu ni heshima kubwa. Nataka tuupike Jumapili kwa ajili ya Mzee. Wazo zuri, siyo?"

Tomie alikuwa amesimama dirishani. Jirani alikuwa akimwagilia waridi.

"Ni heshima kubwa kweli," akasema.

"Sasa maji. Nimemuuliza Mzee kama nibadilishe kitu, akaniambia tia kama siku zote. Unaonaje?"

Maneno mawili yangetosha. Punguza maji. Mtoto wa miaka minne angeweza kuyasema. Tomie aliyasikia yamekaa ulimini, na pamoja nayo alisikia kile kicheko kidogo cha adabu cha wageni wa Ijumaa ile.

"Mzee mwenyewe ndiye aliyesema kama siku zote?"

"Ndiyo, yeye."

"Basi mimi ni nani nimpinge Mzee?"

Brent akacheka, akamshukuru, akamwambia yeye ni mtu wa thamani sana pale. Tomie aliweka simu chini. Hakuwa amesema uongo hata neno moja. Wapo watakaosema kunyamaza nako ni uongo, na pengine wanasema kweli, lakini hao hawakuwahi kuona wali wao ukitupwa pipani mbele za watu. Alichemsha chai, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi alikula akashiba.

Jumapili jua likiwa bado juu alifika Sawtelle amevaa koti jekundu. Mwaka wa sitini kwetu mtu huvaa nyekundu, anahesabiwa amezaliwa upya. Ndani ya mkoba wake, chini ya kitambaa cha mikono, kulikuwa na kile kisu. Ukimuuliza alikibeba kwa nini, hata leo hakujibu. Walimkalisha katikati ya kaunta. Kulia kwake, kwenye kona yake ya siku zote, alikuwa Abramian, kazeeka, mvi tupu. Furusho alisimama mbele yao na kilemba cheupe kichwani, Brent pembeni yake akikata samaki na kutabasamu.

Mzee akatia mkono kwenye wali.

Tomie alikuwa akimtazama usoni, na aliona. Kidole kimoja kiligusa, na uso ule ukabadilika rangi. Akabonyeza, wali ukamganda viganjani. Akachovya mikono kwenye maji ya siki, akabonyeza tena, ukamganda tena. Angeweza kusimamisha kila kitu pale pale, akawaambia wageni wasubiri, wali umeharibika. Lakini mtu aliyewafokea watu maisha yake yote kwa ajili ya wali atatolea wapi mdomo wa kusema hivyo? Akaendelea. Akamwekea kila mgeni kipande cha gayogayo, yule samaki bapa.

Tomie alichukua vijiti. Akambandua samaki, akamla polepole, akamfurahia. Wali akauacha pale pale sahanini, mweupe, uchi.

Kikaja cha ngisi. Akala ngisi, akauacha wali kando ya mwenzake. Kikaja cha jodari. Kikaja cha kibua. Wageni wengine walikuwa wakimeza na kusifu, maana wamezoea kusifu, lakini wale wa zamani zaidi walianza kutafuna taratibu na kutazamana. Abramian alitafuna kipande chake cha pili, akaacha kutafuna. Akaitazama sahani ya Tomie, ile safu ya vibonge vyeupe. Akamtazama Tomie. Halafu kipande kilichofuata akambandua samaki kwa vidole vyake vinene, akamla, wali akaubakiza. Mama mmoja wa pembeni yake naye akafanya hivyo. Brent aliacha kutabasamu, ingawa alikuwa bado hajajua ni kwa nini.

Furusho alisogea mpaka mbele ya Tomie.

"Huli wali," akasema.

"Nakula samaki, Mzee. Samaki wako mzuri sana leo."

Mzee akainama, sauti ikashuka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukumwambia."

"Nimwambie nini, na wewe ulishasema? Kama siku zote, ulisema."

Furusho aliitazama ile fremu ukutani, na kwa mara ya kwanza Tomie aliona kwamba ni mzee kweli, shingo imemlegea, mikono imejaa punje zilizoganda. Kisha alifanya jambo ambalo Tomie hakulitarajia. Alisogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja nyuma ya kaunta.

"Ingia huku," akasema kwa sauti ya kusikika. "Pika mwingine, wageni watasubiri. Halafu usimame hapa, kando yangu, ubonyeze wewe. Mbele ya wote."

Ndiyo hiyo. Ile nafasi, ile mbao ya mwerezi, ule mwanga. Mkono wa Tomie ulikuwa ndani ya mkoba na vidole vyake vilikwisha kuushika mpini wa kisu. Alikuwa ameingoja siku hii kuliko alivyowahi kumngoja mwanamume. Moyo ulimwambia inuka. Aliusikia vizuri sana, ukimwambia inuka, mjinga wewe, inuka.

"Mikono yangu ina joto, Mzee," akasema.

"Tomie-san."

"Haijapoa. Nimeipima asubuhi."

Furusho akainamisha kichwa. Tomie alitoa mkono mkobani, mtupu, akaisukuma sahani yake taratibu mpaka ikavuka ukingo wa kaunta upande wa Mzee.

"Kwetu wali hautupwi," akasema. "Mama yangu alinifunza hivyo, na wako bila shaka alikufunza. Ulinitupia wangu pipani, na Bwana Abramian alikuwa amekaa hapo hapo alipokaa leo. Mimi wa kwako siutupi. Kula, Mzee."

Brent alianza kusema neno, na mkwewe akamzuia kwa kiganja. Kisha Furusho akachukua kibonge cha kwanza kwa vidole, akala. Akachukua cha pili. Ulikuwa mzito, unagandana, ilibidi aukazanie kuumeza, na kila alipomeza koo lake lilionekana likipanda na kushuka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tomie hakugeuza macho. Alimtazama mpaka kimepita cha mwisho, na mpaka Mzee amelamba punje zilizobaki kidoleni. Ndipo alipounganisha viganja, akasema asante kwa chakula, kama isemwavyo baada ya kila mlo, akachukua mkoba wake na kupita chini ya pazia la mlangoni. Nje kulikuwa bado mchana.

Brent alipona. Alipunguza maji, akaongeza mayonezi, na leo Joka la Moto linauzwa Sawtelle na vijana wanapanga foleni. Furusho hakukanyaga tena pale. Anakaa Torrance na mti wake wa persimoni, na kila vuli humpelekea Tomie boksi la matunda, hayana ujumbe, yamepangwa vizuri. Tomie huyagawa kwa majirani bila kuonja hata moja. Abramian alimpigia simu mara mbili kuuliza anasimama kaunta ipi sasa, aende akale. Alimjibu hasimami popote.

Jumapili hukaa jikoni na kunoa kile kisu kwenye jiwe lake. Kina makali ya kuukata unywele, na hakijawahi kukata samaki mbele ya mtu. Yasuko alimtazama siku moja mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Alikupa ile kaunta," akamwambia. "Alikupa kwa mdomo wake. Si ndiyo uliyokuwa unaitaka maisha yako yote?"

Tomie alipitisha kisu jiweni mara nyingine, akakifuta.

"Niliitaka," akasema. "Ila nilitaka zaidi kumwona anaumeza ule wali."

Akakifunga kisu kwenye kitambaa chake na kukirudisha kabatini.